Mkono wa Koti la Kaki

Tulipoanua matanga ya baba, wadogo zangu waligawana vitu vya maana: cherehani, redio, viti vya mninga. Mimi nilichelewa kufika, kama kawaida yangu, nikaachiwa sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Nilipolifungua ikanijia harufu ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa, harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu udogoni. Chini kabisa, chini ya mashati na kofia yake ya kanisani, nikakuta mkono wa koti. Koti lenyewe halikuwepo. Ni mkono tu, umeshikana na kipande cha bega, na umeshonwa vibaya kiasi kwamba hata asiyejua sindano angecheka. Mjukuu wangu akauliza kama ni tambara la kufutia taa. Nikamwambia auache hapo hapo, maana mkono ule naujua. Nilikuwepo uliposhonwa.

Nyinyi mliokula chumvi nyingi kama mimi mtaikumbuka Masumbwe ya wakati ule: barabara ya vumbi, maduka machache ya bati ya Wahindi yakitazamana, na watu wakipita kwenda mgodini Geita au kurudi. Waliokwenda walipita kimya, wamevaa walichokuwa nacho. Waliorudi ulianza kuwasikia kabla hujawaona. Na kitu cha kwanza alichokitaka mtu aliyerudi kilikuwa koti. Huwezi kufika kwenu Kasulu au Nzega ukitoka kwenye dhahabu huku umevaa shati tupu. Watu watadhani ulikwenda kuchunga mbuzi wa mtu. Koti lilishonwa kwenye baraza ya duka la Mzee Hirji, na aliyelishona alikuwa Fundi Jivani.

Fundi alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na subana haikumtoka kidoleni hata wakati wa kula. Nyama hakuila. Mama yangu alipoligundua hilo alidhani ni umaskini, akawa anamtumia mapaja ya kuku kila sikukuu, na Fundi anayapokea kwa mikono miwili, anashukuru, kisha anampa mlinzi wa duka. Ilichukua muda mrefu mama kuujua ukweli, kwamba ni dini yake. Alipoujua alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa ananipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga nimpelekee. Hivyo Fundi alivila vyote. Hakuna Msukuma niliyemwona akipenda michembe kama Mhindi yule.

"Shikamoo, Fundi," nasema, nimepiga magoti na bakuli langu kama nilivyofundishwa.

"Marahaba, Kabula beta," ananijibu. Beta ni mtoto, kwa lugha ya kwao. "Simama, simama. Magoti nashika vumbi."

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine tangu wakati huo. Koti likiisha, mteja hakuruhusiwa kulivaa vizuri. "Geuza kwanza," Fundi anamwambia. Basi utaona jitu la mgodini, limepanda hewani kama mlingoti, limesimama barazani limevaa koti ndani nje, watu wote wanapita wanaliangalia, na Fundi anazunguka anakagua kila mshono kwa kidole. Nje ni ya mteja, alikuwa akisema, ndani ni ya fundi. Mimi nilijua zangu. Nilijua kabisa kwamba ile ni dawa ya Kihindi ya kuzuia koti lisiibwe, na nikawaeleza hivyo wenzangu wote, na wote wakaniamini.

Baba alifika kwenye baraza ile kwa sababu ya kifua. Alikuwa amefanya kazi Geita chini ya ardhi, akarudi anakohoa, na jembe likawa linamshinda ikifika saa nne. Mzee Hirji akampa kazi ya kupuliza pasi ya mkaa. Kisha Fundi akamwona jinsi anavyokunja kitambaa, akampa vifungo. Baada ya vifungo akampa pindo, na baada ya pindo akamkalisha kwenye cherehani. Neno la kwanza la ufundi nililojifunza mimi lilikuwa "fumua," maana ndilo nililolisikia kutwa nzima. Baba anashona, Fundi anageuza, anatazama, anasema, "Fumua." Baba anafumua. Hakuna aliyekasirika. Niliwaonea wivu, nasema kweli. Nyumbani baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini barazani walikuwa wakibishana na kuchekana siku nzima, kila mmoja kwa Kiswahili chake kibovu.

Sasa mambo ya serikali. Nilivyokuja kuyaelewa ukubwani ni hivi: Fundi alikuja nchini kijana, wakati ambapo Mhindi mwenye ndugu wa kumpokea alishuka melini, akapigiwa muhuri, akaenda zake. Alikaa miaka mingi. Kisha mama yake akaugua huko kwao, akaenda kumuuguza na hatimaye kumzika. Akiwa huko, sheria ya wageni ikabadilishwa. Alipoondoka alikuwa mkazi wa Masumbwe. Aliporudi bandarini akaambiwa yeye ni mgeni, akapewa pasi ya kazi yenye mwisho. Pasi ikiisha, anaomba nyingine. Aliomba, akapewa. Halafu serikali ikageuka tena, ikasema hakuna pasi kwa mgeni anayefanya kazi ambayo mwenyeji anaiweza. Na Bwana Shauri wa Kahama, yaani mkuu wa wilaya, Mzungu, angekuja mwenyewe kutazama kama Masumbwe yupo mwenyeji anayeweza kushona koti.

Mimi wakati ule sikujua sheria ni nini. Nilichokijua ni karantini ya ng'ombe. Mwaka uliotangulia walituzuia kupeleka ng'ombe mnadani Ushirombo kwa sababu ya ugonjwa, na waliokutwa njiani walirudishwa. Kwa hiyo niliposikia Fundi anaweza kurudishwa, nilimchunguza kwa makini kama ana dalili. Nilimtazama macho, nikamtazama pua. Hata nikamshauri baba ampe dawa ile tuliyompa ndama wetu. Kilichonishangaza ni kwamba Warundi walikuwa wakipita barabarani kila siku kwenda mgodini, wamevuka juzi tu, na hakuna aliyewauliza pasi. Anaulizwa Fundi, ambaye alikuwepo kabla mimi sijazaliwa.

Siku moja Mzee Hirji akaja nyumbani kwetu. Hakuwa amewahi kuja. Mama alitoa kigoda, akakifuta kwa kanga yake, mimi nikafukuzwa nikalinde kuku wasile mtama ulioanikwa. Wakazungumza chini chini yeye na baba. Alipoondoka nilimsikia mama akiuliza, "Kwani wewe baraza ile huitaki? Fundi akienda si inakuwa yako?"

"Naitaka," baba akasema. "Lakini si hivyo."

Bwana Shauri alifika asubuhi, kaptula, magoti mekundu, pamoja na karani mmoja wa kutoka mbali aliyevaa nguo nyeupe asizotaka kuziegemeza popote. Watu walijaa. Mwalimu wetu alitupa ruhusa, au labda hatukumuuliza, sikumbuki. Barazani alikuwepo Muha mmoja mrefu aliyetoka Geita, koti lake limekwisha siku hiyo hiyo, naye amesimama amelivaa ndani nje anasubiri ukaguzi. Bwana Shauri alimtazama, akamtazama karani. Hakuuliza kitu. Nadhani aliona mengi huku kwetu.

Juu ya meza lilikuwepo koti la kaki la mteja mwingine, mkono mmoja umekwishatiwa, mwingine bado. Fundi alikuwa ameshatufundisha sote, kwa kulalamika kwake, kwamba kutia mkono kwenye koti ndipo fundi anapojulikana. Bwana Shauri akaelekeza kidole kwa baba. Karani akasema, "Bwana anataka huyu autie huo mkono, aone."

Nilijipenyeza mpaka mbele. Moyo wangu ulikuwa umejaa. Nilitaka Mzungu amwone baba yangu.

Baba akakaa. Akaweka mkono kwenye bega bila kupiga bandi kwanza, ile mishono ya kushikizia, nikashangaa. Akaanza kukanyaga cherehani. Kitambaa kikawa kinajikunja chini ya sindano, naye anakivuta, kinajikunja tena. Kisha akashika sindano ya mkono, akainamia ndani ya bega kwa muda, na alipomaliza akakiinua juu. Kiwiko kilikuwa kimeangalia mbele. Begani palijaa mikunjo kama uso wa mtu anayelia. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, kisha waziwazi. Yule Muha akashika koti lake kifuani akauliza, "Na hili langu je?" ndipo wakaangua kicheko hasa.

Sijawahi kuona aibu kama ile, si kabla wala baada. Nilitamani kumfunika baba kwa kanga. Yeye aliinamisha kichwa tu, anatazama mikono yake.

Bwana Shauri akazungumza na karani, na karani akatugeukia. "Bwana anasema, huyu amefundishwa muda wote huo na bado yuko hivi. Anasema hakuna lawama. Watu wa huku mikono yao ni ya jembe. Mhindi anaweza kukaa."

Mzee Hirji akavuta pumzi, akaanza kutabasamu, akaagiza chai. Mambo yalikuwa yamekwisha, na yamekwisha vizuri. Lakini Fundi alikuwa amesimama. Alilichukua koti kutoka mikononi mwa baba, akaupitisha mkono wake ndani ya ule mkono mbovu, akaugeuza ndani nje kama alivyogeuza kila nguo. Akatazama. Akatazama sana. Miwani ilimteremka puani asiipandishe.

"Leka, Fundi," baba akasema polepole, yaani acha. "Leka."

Fundi hakuacha. Alinitazama mimi, sijui kwa nini, kisha akamgeukia Mzungu.

"Bwana, hii mtu nadanganya veve," akasema. Alimshika Muha bega akamzungusha, mishono yote ya lile koti ikiwa nje. "Tazama hapa. Hii koti nani nakata? Yeye. Nani natia mikono? Yeye. Mimi natia vifungo tu. Veve nasema mikono ya jembe. Hapana. Hii mikono ya fundi. Mimi nafundisha yeye, mimi najua."

Bwana Shauri akainama akatazama mishono ya Muha kwa muda, na Muha wa watu amejinyoosha kama askari. Nakumbuka Mzungu alikuwa mwekundu zaidi ya alivyofika. Alisema maneno machache. Karani akatafsiri: "Bwana anashukuru kwa ukweli. Pasi ikiisha, fundi asiombe nyingine." Kisha, kwa hiari yake mwenyewe, akamwambia baba, "Furahi basi, mzee. Sheria hii imewekwa kwa faida yenu."

Chai ilipoletwa hakuna aliyeinywa.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipokwenda upande. Mimi niliuona ule mkono kwa macho yangu. Niliona kiwiko kimetazama mbele. Kwa hiyo nilijua Fundi amesema uongo wa huruma, kama mwalimu anavyomtetea mtoto mzito mbele ya mkaguzi, na nilijua vilevile adhabu yake: anafukuzwa kwa sababu amefundisha vibaya. Shuleni kwetu ndivyo ilivyokuwa. Wanafunzi wakishindwa, mwalimu anahamishwa. Basi kosa lote lilikuwa la baba. Nilimpenda, lakini kwa muda mrefu nilikuwa nikimpelekea maji ya kunawa bila kumwangalia usoni.

Siku ile ile baba na Fundi waligombana, mara moja tu maishani mwao. Mama ndiye aliyenisimulia, mimi nikiwa mke wa mtu tayari. Baba alimwambia Fundi kwamba yeye, baba, alishona vibaya makusudi, akajidhalilisha mbele ya mtaa mzima na mbele ya mtoto wake ili Fundi akae, na sasa imekuwa bure. Fundi akajibu, "Mbele ya mtoto yako, ndiyo sababu. Mimi nakaa hapa, kila siku Kabula naleta michembe, naangalia veve, nasema baba yangu bovu. Mimi naweza kula hiyo michembe? Hapana weza." Mama alisema wote wawili walilia, na Mzee Hirji aliyekuja kuwasuluhisha naye akaishia kulia, ikawa duka limefungwa mapema.

Miezi iliyobaki waliitumia kukata nguo. Nasema hivyo kwa sababu kukata ndiko kulikokuwa kumebaki, na Fundi hakutaka kuacha kitu. Baba alikuwa akirudi nyumbani na chaki hadi kwenye nyusi. Mtu aliyekuwa amekwishasema yeye mwenyewe kwamba mwanafunzi wake amehitimu, bado alikuwa akisema fumua. Safari hii baba hakucheka sana alipofumua. Alifumua polepole, kama mtu anayetaka kazi isiishe.

Kitu cha mwisho kushonwa na wote wawili wakiwa kwenye baraza ile kilikuwa koti la Fundi mwenyewe, la safari. Baba alilikata, baba akalishona, Fundi akakatazwa kugusa hata sindano. Siku ya kuondoka lori la Kahama lilikuwa linanguruma tayari, likimpeleka akapande treni Isaka. Baba akalitoa koti likiwa linanukia pasi. Fundi akanyoosha mikono alivae.

"Geuza kwanza," baba akamwambia.

Watu walicheka, hata dereva. Fundi akaligeuza, akalivaa ndani nje, akasimama pale mahali aliposimamisha wateja wake miaka yote, na baba akamzunguka akikagua kila mshono kwa kidole. Alikagua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Dereva akapiga honi. Fundi alishika kichwa changu, akasema, "Kabula beta, soma," akapanda lori, na koti lile hakuligeuza. Aliondoka Masumbwe mishono yote iko nje. Sisi watoto tulilikimbilia lori tukimpigia kelele kwamba amesahau, amesahau, na yeye anatupungia mkono tu. Ilikuwa baada ya miaka mingi nilipotambua kwamba hakusahau.

Baba akarithi baraza. Hakuhamia upande wa Fundi. Cherehani ya Fundi ilikaa imefunikwa kitambaa cha marekani, na aliyetaka kuinunua alijibiwa ina mwenyewe. Mteja wa lile koti la siku ya Bwana Shauri alikuwa amemshonea jingine jipya, na kwenye lile bovu akakata mkono na kipande cha bega, akauning'iniza kwenye msumari ndani ya duka. Niliuona kila nilipoingia, ukanichoma. Hatimaye nikajipa moyo. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani kutoka shule. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Baba, sasa unajua kushona. Ufumue ule mkono, uushone tena vizuri, tumpelekee Bwana Shauri. Akiuona umekuwa mzuri, atamrudisha Fundi."

Baba alinitazama. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa kidole chenye subana.

"Ukishonwa vizuri, mwanangu," akasema, "ndipo hatarudi kabisa."

Nilidhani ananitania. Niliondoka nimenuna, na kesho yake mkono haukuwepo tena kwenye msumari. Sikuuliza ulikokwenda. Sasa najua.

Barua za Fundi zilikuja mara chache, zimeandikwa na mtu mwingine kwa Kiingereza, mwalimu anatusomea, kisha zikakoma. Baba alishonea watu makoti mpaka macho yalipomshinda. Wazee wa Masumbwe watawaambia kwamba kwake hukuvaa nguo mpya bila kuigeuza kwanza, na vijana walidhani ni desturi ya Wasumbwa.

Mjukuu wangu, ambaye amesomea ushonaji na ana mdomo wake, aliuokota ule mkono sandukuni akaushika kwa vidole viwili. "Lakini bibi, aliyeshona huu hakuwa fundi," akasema. "Tazama bega lilivyo."

Mimi nilikuwa nimekwishauangalia kabla yake. Ndani, mahali ambapo Bwana Shauri hakuona sababu ya kutazama, kila ncha ya uzi imefungwa fundo, ukingo wote umekunjwa na kupindwa kwa mkono, sawa sawa, kwa subira, hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Aliweza kuharibu nje. Huku ndani vidole vilimkatalia, na Fundi alikiona hicho.

Nikamwachia mjukuu wangu ule mkono.

"Geuza kwanza," nikamwambia.